Kompyuta ya baiskeli yenye GPS inapotoa namba za ajabu: namna ya kuirekebisha hatua kwa hatua

Waendesha baiskeli watano wakiondoka Mombo asubuhi wakapanda pamoja hadi Lushoto, wakapumzika pamoja Soni na kufika pamoja, vifaa vyao vitano vitaleta majibu matano. Huyu kasafiri kilomita 32.2, yule 33.6. Huyu kapanda mita 1,080, yule 1,310. Wa tano, aliyetumia simu iliyokuwa mfukoni, ramani yake inaonyesha alivuka korongo kwa kupita hewani. Chai ikiletwa ubishi unaanza, kila mmoja akiapa kwa kifaa chake, hasa yule aliyekinunua kwa bei kubwa kuliko wenzake.

Barabara hiyo nimeichagua kwa makusudi. Ina kilomita zipatazo 33, inapanda karibu mita elfu moja, inapita kwenye korongo, kona zake zinafuatana, na kuna sehemu miti imefunika anga. Kifaa kikiweza kutoa namba za kuaminika pale, barabara ya Bagamoyo haitakisumbua. Na sehemu kubwa ya marekebisho haihitaji kununua kifaa kipya. Inahitaji chaki, tepu ya kupimia, na muda wa kukaa na menyu ambayo wengi hawajaifungua tangu siku waliyotoa kifaa kwenye boksi.

Kwanza, jua kila namba inatoka wapi

Watu husema "GPS inanidanganya" hata pale GPS isipohusika kabisa. Kwenye kioo kimoja kuna habari za vyanzo vitatu. Setilaiti zinatoa mahali ulipo, na kutokana na hapo umbali na mwendo. Hewa, kupitia barometa ndogo (kipima mgandamizo wa hewa) iliyo ndani ya kifaa, inatoa mwinuko na asilimia ya mlima, yaani ukali wake. Gurudumu, kama umefunga kihisi, linachukua kazi ya umbali na mwendo kutoka kwa setilaiti. Kila chanzo kina makosa ya aina yake na dawa yake, kwa hiyo kusafisha tundu la barometa hakutarekebisha umbali hata ukisugua mpaka kesho.

Kama hujui kifaa chako kina barometa au la, kiwashe, kitie kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu uliobakiwa na hewa ndani, ufunge vizuri kisha uukandamize taratibu kwa kiganja. Mwinuko ukishuka ghafla kwa mita kadhaa, barometa ipo. Usipobadilika, kifaa kinakadiria mwinuko kwa setilaiti au kwa ramani, na huko ndiko kwenye makosa makubwa zaidi.

Kuhusu setilaiti zenyewe, zile za GPS ya Marekani zinazunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, na kifaa chako kinapima muda ambao wimbi la redio limetumia kukufikia. Wimbi hilo linakwenda kwa kasi ya mwanga, hivyo kukosea sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kukosea mita 300. Ukilitazama hivyo, kosa la mita tano mahali pa wazi ni jambo la kushangaza kwa uzuri wake. Lakini mita tano zinatosha kukuweka upande wa pili wa barabara. Jambo la kufurahisha ni kwamba kosa hilo halirukiruki ovyo kila sekunde. Hujongea polepole, nukta zinazofuatana zikikosea kwa pamoja upande uleule. Ndiyo maana mstari wako unaweza kupita kwenye paa za nyumba kando ya barabara na bado umbali ukawa karibu sahihi. Mstari mbaya kwenye ramani na umbali mbaya ni matatizo mawili tofauti.

Pili, kiamshe kabla ya kuondoka

Kifaa kinahitaji kujua setilaiti ziko wapi. Kila setilaiti hurudia taarifa za njia yake kila sekunde 30, na orodha ya jumla ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu kutumwa yote. Kifaa ulichokizima jana kitashika haraka. Kile kilichokaa kabatini miezi mitatu, au kilichosafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kikiwa kimezimwa, kitahangaika.

Kabla ya kutoka, kiunganishe na simu yenye data. Vifaa vingi vya siku hizi hupakua faili dogo lenye makadirio ya njia za setilaiti kwa siku kadhaa zijazo, na faili hilo halitamaliza bando lako. Kisha kitoe nje, mbali na bati na ukuta, ukiache kikiangalia mbingu wakati unajaza upepo na kuweka maji. Kikisema kimepata mahali kilipo, kipe dakika mbili zaidi ndipo ubonyeze kuanza. Anayebonyeza akiwa bado barazani ndiye anayekuja kujiona kwenye rekodi akiondoka nyumbani kwa kasi ya kilomita 140 kwa saa.

Tatu, mipangilio

Tafuta sehemu ya kurekodi uchague kila sekunde moja. Vifaa vingi hutoka kiwandani vikiwa kwenye hali inayoitwa Smart, ambamo nukta zinawekwa pale tu kifaa kinapoona kuna mabadiliko. Nia yake ilikuwa kuokoa nafasi ya kumbukumbu, zama ambazo kumbukumbu ilikuwa ndogo. Ukiteremka kutoka Soni kwa kilomita 40 kwa saa unakwenda mita 11 kila sekunde. Nukta zikikaa sekunde tano mbalimbali, kuna mita 55 kati ya moja na nyingine, na kona yote inageuzwa kuwa mstari ulionyooka. Mtandao wowote unaokokotoa umbali upya kutoka kwenye nukta hizo utakupunja.

Halafu chagua mifumo ya setilaiti. Mbali na GPS kuna GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Mahali pa wazi, GPS pekee inatosha na inatunza chaji. Korongoni, msituni, au kati ya maghorofa ya Posta na Kariakoo, washa yote, kwa sababu kipande cha anga unachokiona ni kidogo na unahitaji kila setilaiti iliyomo humo.

Kifaa chenye masafa mawili, yaani kinachosikiliza megahezi 1,575.42 na 1,176.45 kwa pamoja, kina faida mbili. Kinatofautisha vizuri zaidi wimbi lililokuja moja kwa moja na lile lililogonga ukuta kwanza. Pia kinaweza kukadiria ni kiasi gani wimbi limecheleweshwa na tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, na sisi wa ukanda wa karibu na ikweta ndio tunaolipata tabaka hilo likiwa zito na lenye vurugu, hasa saa chache baada ya jua kuzama. Mwaka 2024 jua lenyewe lilikuwa katika kilele cha mzunguko wake wa miaka 11 hivi, kipindi ambacho vurugu hizo huzidi. Ikiwa hupandi usiku wala hupiti kwenye maghorofa, sioni haja ya kukimbilia kifaa cha namna hiyo kwa bei yake.

Mpangilio wa Auto Pause, unaosimamisha saa unaposimama, uzime kama huna kihisi cha gurudumu na unapanda milima mikali. Ukienda kilomita 6 kwa saa chini ya miti, kifaa kinashindwa kujua kama unasonga au umesimama, kinakata na kurudi, na kila mara unapoteza mita kadhaa. Sasisha programu ya kifaa pia, lakini iwe siku ambayo huna safari kesho yake.

Nne, kikae wapi

Kioo kiangalie mbingu, mbele ya usukani au juu yake, bila kitu juu yake. Simu kwenye mfuko wa nyuma wa jezi inasikiliza setilaiti kupitia mwili wako, na mwili umejaa maji, ambayo yanameza mawimbi haya. Majani mabichi baada ya mvua hufanya vivyo hivyo. Hiyo ndiyo sababu njia ileile ya msituni inaweza kukupa rekodi safi Januari na rekodi ya ovyo Aprili.

Kwa wanaotumia simu, adui mkubwa ni hali ya kuokoa chaji. Simu nyingi za Android huua programu iliyo nyuma kioo kikizimika, na matokeo yake ni mstari mmoja ulionyooka kutoka mahali simu "ililala" hadi mahali uliposimama kununua soda. Ingia kwenye mipangilio ya betri, tafuta programu unayotumia kurekodi, uiondolee vizuizi vyote.

Tano, kihisi cha gurudumu

Ukiweza kununua kitu kimoja tu, nunua hiki. Kinafungwa kwenye haba, yaani kitovu cha gurudumu, au kwenye uma kikiwa na sumaku kwenye spoki, na kinahesabu mizunguko. Hakijali miti, korongo wala maghorofa. Mwendo unaoonyeshwa unakuwa wa papo hapo, na Auto Pause inaanza kufanya kazi yake vizuri.

Ubora wake wote unategemea namba moja, mzingo wa gurudumu kwa milimita. Jedwali za kawaida zinasema 2,105 kwa tairi la 700 kwa 25 (saizi iliyoandikwa ubavuni mwa tairi), 2,136 kwa 700 kwa 28, na 2,288 kwa inchi 29 kwa 2.1. Ni pa kuanzia tu. Pima mwenyewe hivi.

1. Jaza upepo kiasi kilekile unachoendeshea.
2. Kwenye sakafu tambarare, simamisha vali chini kabisa, ipige alama ya chaki chini yake.
3. Kaa juu ya baiskeli kama unavyokaa safarini, mwenzako akushike, msonge mbele kwa mstari mnyoofu hadi vali irudi chini mara tano. Uzito wako unalibonyeza tairi, kwa hiyo kusukuma baiskeli tupu hakutoi jibu sahihi.
4. Piga alama ya pili, pima kati ya alama kwa tepu ya chuma, gawanya kwa tano.
5. Ingiza namba hiyo kwa mkono kwenye kifaa.

Anayebadili tairi kutoka 25 kwenda 28 bila kugusa namba hii anapoteza kama kilomita moja na nusu katika kila mia. Na hesabu hiyo inakwenda upande mmoja tu, haijisawazishi yenyewe.

Vifaa vingi hujitolea kukisia mzingo vyenyewe kwa kulinganisha mizunguko na GPS. Ukikubali, basi hiyo safari ya kwanza iwe barabara iliyonyooka na yenye anga wazi. Kikijifunzia korongoni kitabeba kosa la korongo kwenda nalo kila mahali. Baada ya hapo angalia namba iliyoandikwa. Ikitofautiana na ya tepu kwa zaidi ya milimita kumi, mimi huiamini tepu.

Anayeona kuhesabu mizunguko ni teknolojia ya kizamani akumbuke kwamba njia za marathoni zinazotambuliwa kimataifa hupimwa kwa baiskeli. Hutumika kaunta ya meno inayofungwa kwenye gurudumu la mbele, iliyobuniwa Marekani mwaka 1971 na kupewa jina la Jones, na mpimaji huanza kwa kuisawazisha kwenye kipande cha barabara kilichopimwa kwa tepu ya chuma. Huongezwa mita moja kwa kila kilomita ili njia isije ikawa fupi, ndipo marathoni inabeba mita 42 za tahadhari. Mkimbiaji anayelalamika kwamba saa yake imesoma 42.7 hajapata ushahidi wa kuwashitaki waandaaji.

Kuna tofauti nyingine ndogo inayowachanganya watu. Gurudumu linapima uso wa barabara, ilhali umbali unaopigwa kwenye ramani ni wa mlalo, kana kwamba barabara yote ni tambarare. Kwenye mlima wa asilimia 10 tofauti ni nusu ya asilimia, yaani mita 50 kwa kila kilomita 10. Hakuna aliyekosea hapo.

Kihisi kikianza kuruka, badili betri kwanza, kisha kaza mpira unaokishikilia. Cha sumaku, sogeza sumaku karibu.

Sita, mwinuko

Barometa inapima mgandamizo wa hewa na kuugeuza kuwa mita. Pwani, hektopaskali moja (kizio cha mgandamizo) ni kama mita 8 na nusu. Kwenye kimo cha Lushoto ni karibu mita 10. Kwa hiyo chochote kinachobadilisha mgandamizo bila wewe kupanda kitahesabiwa kuwa umepanda.

Na huku kwetu mgandamizo unabadilika kila siku ya Mungu. Hewa nayo ina maji kujaa na maji kupwa yake, na tropiki ndiyo inayoyahisi kuliko kwingine kote. Mgandamizo unafika juu karibu saa nne asubuhi, unashuka hadi karibu saa kumi jioni, kisha unapanda tena kuelekea saa nne usiku. Kati ya asubuhi na jioni unaweza kushuka hektopaskali tatu hivi. Ukitoka nyumbani saa nne na kurudi saa kumi, kifaa kitakuambia nyumba yako imeinuka mita 25 au 30. Hakijaharibika. Mwongozo ulioandikiwa watu wa Ulaya utakuambia hiyo ni dalili ya dhoruba inayokuja, na wewe utakuwa unaangalia jua kali lisilo na wingu hata moja.

Dawa ni kusawazisha mwinuko kila unapoanza. Tafuta mwinuko wa mlangoni kwako mara moja, uuhifadhi kwenye kifaa kama mahali panapojulikana. Mistari ya mwinuko kwenye ramani za upimaji inafaa, na kwa walio Kenya, mabango ya vituo vya reli ya zamani yameandikwa mwinuko kwa futi, zidisha kwa 0.3048. Kifaa kilichotoka kwenye gari lenye kiyoyozi kiache nje dakika kumi kwanza, maana joto nalo linaiyumbisha barometa.

Tundu la barometa huwa dogo, mara nyingi chini au ubavuni. Jasho, vumbi jekundu na matone ya mvua huliziba, na hapo mwinuko unaganda kisha unaruka mita nyingi kwa pigo moja. Suuza kwa maji safi yanayotiririka polepole, ukiache kikauke. Usichokonoe kwa sindano. Ukitoboa utando wa ndani, maji yana njia.

Sasa lile swali la jumla ya mita ulizopanda, linaloleta ubishi kuliko yote. Hakuna jibu moja. Kila mtengenezaji anaamua mwenyewe kipandisho kidogo kiasi gani kihesabiwe na kipi kipuuzwe, na kwenye barabara ya vilima vidogovidogo uamuzi huo peke yake unaweza kuleta tofauti ya mamia ya mita katika siku ndefu. Chagua mfumo mmoja, ukae nao, ulinganishe safari zako kwa zako.

Kitufe cha "kurekebisha mwinuko" kwenye mitandao ya mazoezi kinafuta namba za barometa na kuweka za ramani. Msingi wa ramani nyingi za namna hiyo ni vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha anga za juu cha Marekani Februari 2000, vyenye miraba ya upande wa mita 30 hivi. Kwenye tambarare za Dodoma haidhuru. Kwenye barabara iliyochongwa ubavuni mwa mlima, mraba mmoja una barabara, genge la juu na bonde la chini kwa pamoja, na GPS ikikosea mita kumi tu unajikuta umepanda genge na kushuka tena bila kutoka jasho. Kitufe hicho ni cha wasio na barometa.

Asilimia ya mlima unayoiona kwenye kioo ni ya pale ulipokuwa sekunde kadhaa zilizopita. Ikisoma 4 huku miguu inaungua, amini miguu.

Saba, njia na ramani

Kelele za "umetoka nje ya njia" wakati uko katikati ya lami kwa kawaida hazitoki kwenye antena. Njia uliyopakia ilichorwa kwa kubofya nukta chache, au ni rekodi ya simu ya mtu mwingine yenye makosa yake yote. Ichore upya kwenye programu inayoifuata barabara yenyewe. Barabara ikiwa imewekwa vibaya kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure inayochorwa na watu wa kujitolea, na vijijini hilo lipo, unaweza kuisahihisha mwenyewe bure, ingawa kifaa hakitaiona mpaka ramani yake isasishwe.

Anayenakili viwianishi (namba zinazotaja mahali) kutoka ramani za zamani za upimaji za Tanzania, Kenya au Uganda ajue kwamba zimechorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, na GPS inatumia msingi mwingine, WGS 84. Tofauti yake huku kwetu ni karibu mita 300, zaidi kwa upande wa kaskazini na kusini. Njiapanda utaikosa kabisa.

Nane, uamuzi

Baada ya yote hayo, chukua kifaa chako na cha mwenzako, vifungeni kwenye usukani mmoja, mwende kilomita kumi za barabara ya wazi. Tofauti ya chini ya asilimia moja iacheni ilivyo. Kama chako kinakuweka mita 30 au zaidi nje ya barabara mahali pasipo mti wala ghorofa, mfululizo, antena ina kasoro na kirudi kwa muuzaji kabla waranti haijaisha.

Kwa wanunuzi wa vilivyotumika kuna mtego mmoja wa ziada. GPS huhesabu wiki hadi 1,024 kisha huanza upya kwenye sifuri, na mara ya mwisho ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2019. Vifaa vya zamani ambavyo watengenezaji waliacha kuvisasisha vinaonyesha mahali sawasawa, lakini vinaamini tuko miaka karibu 20 nyuma, na rekodi zake zitapakiwa na tarehe hiyo. Kabla ya kutoa pesa, kiwashe, toka nacho uwanjani, subiri kishike setilaiti, kisha soma tarehe na mwaka. Muuzaji akisema kinafanya kazi vizuri ila humohumo dukani tu, mrudishie.